Mstari wa Sentimita

Siku ya tisa tangu mkewe aondoke, Sentimita alikata shimo lake la kwanza peke yake. Akaipachika lenzi ya mteja ndani ya sponji, akafunga sanduku, akalitikisa. Kukasikika ko, ko, ko. Akafungua. Lenzi ilikuwa inacheza mle shimoni kama jino bovu.

"Sponji hii mbovu," alisema, ingawa karakanani hamkuwa na mtu wa kumsikiliza.

Sponji ya watu haikuwa na kosa. Lakini Sentimita, jamani, huyo ni mtu ambaye angejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe halafu akakigombeza kizingiti. Akachukua kipande kingine, akachora upya, akakata upya, akatikisa. Ko, ko. Akasema basi ni kisu. Akatoka mbiombio kununua kisu kipya, kirefu, chembamba, kinachong'aa. Mchagua jembe si mkulima, lakini nani angemwambia? Kisu kipya kikakata shimo safi kabisa, na lenzi ikacheza ndani yake vilevile.

Hilo jina la Sentimita hakupewa na wazazi wake. Walimpa watu wa safu ile ya maduka, yule mchonga funguo wa kushoto na yule mpiga picha za pasipoti wa kulia, kwa sababu ya majisifu yake. Ukimwomba akusogezee kiti, yeye anakuuliza kisogee sentimita ngapi. Ukimwambia umechelewa kidogo, anataka kujua kidogo ni dakika ngapi. Kalamu nyeupe ya kuchorea haikutoka sikioni mwake hata akienda msibani. Na yeye jina hilo alilipenda, akaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu.

Kazi yake ilikuwa kuwakatia sponji watu wa kamera. Mtu ana kamera ya bei mbaya, ana lenzi nne, ana maikrofoni na betri zake, na vyote hivyo vinasafiri kwenye buti za magari na juu ya pikipiki, kwenye njia zenye mashimo. Sanduku gumu peke yake halisaidii kitu, maana vyombo vitagongana humo ndani hadi vivunjike. Kinachookoa ni sponji nyeusi nzito iliyokatwa shimo kwa shimo, kila kitu na mahali pake. Shimo linatakiwa liwe dogo kidogo kuliko kitu chenyewe, ili sponji ikishike kwa upole. Likizidi udogo, mteja anavuta lenzi yake mpaka sponji inachanika. Likizidi ukubwa, umemuuzia mtu hewa.

Kwa miaka ishirini na sita kazi hiyo waliifanya wawili. Sentimita alichora, mkewe akakata. Sentimita alilaza lenzi juu ya sponji, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaizungushia kalamu, akaandika namba pembeni, akasema, "Haya, mama watoto, mstari huo hapo." Mkewe alikuwa akijibu kila siku jibu lile lile: "Sawa, baba. Nenda kanywe chai, ukirudi nitakuwa nimemaliza." Naye huyo anakwenda zake kunywa chai na mchonga funguo. Akirudi anakuta mashimo yamekaa kama yalivyotakiwa, na juu yake mkewe keshabandika kitambaa cheusi cha mahameli, kila kitu kinapendeza. Kitambaa hicho kilimuudhi kila mara. "Mahameli ya nini? Tunamkatia mtu sponji au tunamvisha bibi harusi?" Mkewe alisema, "Wateja wanapenda." Basi likaisha hapo, na kesho yake likaanza tena.

Siku aliyoondoka, alikuja mama mmoja mtengeneza filamu, mteja wao wa zamani. Alileta sanduku walilomkatia miaka minane iliyopita. Sponji yake ilikuwa imeanza kumeng'enyeka kwa uzee, akataka mpya, na kuongezewa nafasi ya lenzi nyingine. Mama wa watu alikuwa na bashasha. Akasimulia jinsi sanduku lilivyoanguka kutoka juu ya gari, likabingirika bondeni, na walipolifungua hapakuwa na hata mkwaruzo. Akamgeukia mke wa Sentimita aliyekuwa ameinama mezani na kisu chake. "Mama, ni wewe uliyekata? Huu mkono wako ubarikiwe. Umeniokolea kazi ya mwaka mzima."

Mke wa Sentimita akainua uso, akatabasamu. Watu hawakuwa na mazoea ya kumuuliza yeye.

Na hapo ndipo mdomo ulipokiponza kichwa. Sentimita akacheka, akapiga meza kwa kiganja. "Huyu? Huyu ananifuatia mstari tu, dada. Ukimpa mstari uliopinda, naye anapinda nao. Kichwa cha kazi kiko hapa." Akajigonga paji la uso. "Yeye ni mkono."

Mama wa filamu hakucheka. Mchonga funguo, aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja chai, akatazama chini. Mke wa Sentimita akamaliza kukata upande aliokuwa akiukata. Akafuta kisu kwa kitambaa, akakilaza mahali pake, akapangusa vumbi jeusi magotini. Akasema, "Nakwenda kwa dada." Sentimita akadhani anakwenda kumsalimia, akamwambia asisahau kupitia chumvi.

Siku tatu za kwanza aliona ni mchezo. Siku ya nne akaanza kuikagua nyumba kama askari. Nguo mbili za mkewe hazipo. Sanduku lake dogo halipo. Ndala zake zipo, na ndala hizo zikampa matumaini ya kijinga, akazipanga vizuri mlangoni. Chumvi hakuipata, akala mayai yasiyo na chumvi siku tano, akiona kwamba kununua chumvi mwenyewe ni kama kukubali jambo fulani. Kitandani alilala upande wake ule ule wa ukutani, na upande wa pili aliuacha umetandikwa.

Alimpigia simu binti yao, aliyeolewa mji mwingine.

"Hebu ongea na mama yako. Hasira hizi sasa zimezidi."

"Nimeongea naye, baba. Hana hasira."

"Kama hana hasira si arudi?"

"Baba," alisema binti, "angekuwa na hasira angesharudi."

Maneno hayo hayakumwingia kichwani. Mchonga funguo alimshauri aende akaombe radhi kama mwanaume, naye akajibu kwamba radhi ya nini, alisema ukweli. Kwani si yeye anayechora? Alimkosa mkewe hata akawa anasimama katikati ya chumba asikumbuke alichokuwa anakwenda kuchukua. Lakini alikuwa anamkosa akiwa bado na haki yake mkononi, na haki ile hakutaka kuiweka chini.

Ndipo ikafika siku ya tisa, na kisu kipya, na lenzi inayocheza. Mama wa filamu alikuwa anasafiri Jumamosi. Leo Alhamisi.

Akajaribu kukata ndani kidogo ya mstari wake. Sasa lenzi ikabanwa upande mmoja hata isiingie, na upande mwingine ikaacha pengo la kupitisha kidole. Sponji nne zilikuwa zimeharibika sakafuni. Akakaa juu ya kibao, jasho linamtoka, akaliangalia lile sanduku la zamani. Akapata akili. Mashimo ya zamani si yapo? Atayanakili yale, shimo kwa shimo, mambo yaishe.

Ili apime vizuri ilibidi abandue mahameli. Akaingiza ncha ya kisu pembeni, akavuta. Gundi ya miaka minane ikaachia kwa mlio wa kuchanika.

Chini ya kitambaa, juu ya sponji nyeusi, palikuwa na mstari mweupe. Mwanzoni alidhani mtoto wa mtu alichezea. Halafu akaona namba pembeni, namba zake, na saba yake ile anayoikata kiunoni. Huu ulikuwa mstari wake. Na shimo halikuwa kwenye mstari. Shimo lilikuwa mbali ndani, limekatwa peke yake, safi, halina habari na mstari kabisa. Upande mmoja mstari wake ulilipita shimo kwa upana wa kidole kizima. Upande wa pili kwa nusu kidole. Akaibandua kona ya kamera, akabandua ya maikrofoni, akabandua ya betri. Kote hali ilikuwa ile ile. Mistari yake ilizunguka mashimo kwa mbali kama uzio wa mtu mlevi.

Ukutani alikuwa na ubao wa sampuli saba, zile alizokuwa akiwaonyesha wateja akisema, "Angalia kazi hiyo, mstari na kisu kitu kimoja." Akaushusha ubao. Akabandua mahameli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya saba hakuhitaji kuibandua, lakini aliibandua. Nyani haoni kundule, wanasema, naye lake lilikuwa limetundikwa ukutani karakanani mwake, mbele ya macho yake, limevishwa mahameli.

Akaelewa chai. Miaka ishirini na sita ya "nenda kanywe chai". Alikuwa akitolewa nje ili shimo likatwe sawasawa, na kitambaa kibandikwe kabla hajarudi. Akafunika uso kwa viganja vyenye vumbi jeusi, akalia kwa sauti. Mchonga funguo akaacha kusaga funguo zake, akasikiliza, akaona si vema kuingia.

Ijumaa asubuhi alifunga karakana, akaenda kwa shemeji yake na kipande cha sponji kwapani. Alikwenda kwa miguu, kwa sababu alitaka muda wa kupanga maneno. Maneno hayakupangika.

Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa fundi wa kushona viti na mapazia. Sebule yake ilikuwa ni karakana yake: cherehani mbili, mito, marobota ya vitambaa hadi darini. Alimfungulia mlango, akamtazama juu hadi chini, na ile sponji yake.

"Karibu, shemeji. Umekuja kutupimia nyumba?"

"Nimekuja kumwona mwenzangu, shemeji."

"Mwenzio yupo kazini. Kaa hapo kwenye mto, huo tumeukata wenyewe, hauna mstari." Alisema hivyo kwa sura kavu, kisha akamwonea huruma, maana macho ya mwanaume yule yalikuwa yamevimba. Akaita ndani, akachukua kikapu chake, akatoka kwenda sokoni ambako hakuwa na haja nako.

Mkewe akaja akijifuta nyuzi kwenye gauni. Alikuwa amenenepa kidogo. Siku kumi tu, na tayari uso ulikuwa na nuru ya mtu anayelala usingizi wake wote. Sentimita aliliona hilo kabla ya jambo lingine lolote, na lilimchoma.

"Umeamkaje, baba?"

Aliweka sponji juu ya meza, upande wenye mstari juu, akainyooshea kidole.

Mkewe akaiangalia. "Umebandua," alisema.

"Nimebandua zote. Na za ukutani. Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Wiki ya pili ya nini?"

"Ya kazi, baba. Ya mwaka wa kwanza. Unailaza kalamu. Unailalia lenzi kwa juu, na ncha inakimbilia nje."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia." Hakusema kwa ukali. "Nilikuambia siku hiyo hiyo. Ulinyamaza siku nne, chakula ukakisusia, mtoto akawa ananiuliza baba anaumwa nini. Nikaona basi, nitakata. Kukata kulikuwa rahisi kuliko wewe kununa."

Sentimita aliikumbuka vizuri ile kununa. Alichosahau ni sababu yake. Akashuka kutoka kwenye ule mto, mtu mzima wa miaka sitini na moja, akapiga magoti kwenye sakafu yenye vipande vya vitambaa.

"Nisamehe, mama watoto. Nimekudhalilisha mbele za watu, na kazi ilikuwa yako. Sikuwa fundi. Wewe ndiye ulikuwa fundi, mimi nilikuwa natia doa sponji tu." Machozi yalimshuka hata kidevuni, hakuyafuta. "Nitamwambia kila mteja. Nitafuta jina mlangoni, niandike lako. Rudi nyumbani. Nyumba haikaliki. Naongea na ukuta. Rudi, tafadhali."

Mkewe alimshika bega, akamwinua. "Inuka. Magoti yako hayo yatakusumbua usiku." Alimkalisha kwenye kiti cha meza, si kwenye mto. Naye macho yake yalikuwa yamelowa. "Nimeshakusamehe. Usijitese kwa hilo."

Akatazama dirishani kidogo, akafikiri. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu yake, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakikaa zamani kabla karakana haijawa na meza mbili.

"Lete kalamu," alisema.

Moyo wa Sentimita uliruka. Aliitoa kalamu nyeupe sikioni haraka hata ikamponyoka. Mkewe akachukua kikombe kilichokuwa mezani, akakifunika juu ya sponji, mdomo chini. "Haya. Chora."

Akachora, na moyo wake unaimba, amerudi, amerudi. Mkewe akamshika kiganja. "Simama hapo. Unaona? Umeilaza. Isimamishe kama mshumaa. Kidole hiki kiguse sponji, kisiguse kikombe. Na usikae mahali pamoja kama mfalme, zungusha sponji yenyewe." Mkono wake ulikuwa wa moto, na mgumu kwa kazi, na Sentimita hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alishikwa nao kiganja kwa muda mrefu hivyo. "Ukimaliza, kisu kipite ndani ya wino, upana wa uzi mmoja tu. Usikisukume, kivute. Sponji ikianza kutoa vumbi, ujue kisu kimekufa makali. Mahameli utayapata kwa yule yule wa kona, mwambie umetumwa na mimi, atakupunguzia. Gundi usipake nyingi."

Aliyasema yote hayo polepole, bila kuacha kitu, kama mtu anayekabidhi funguo.

Kalamu ikasimama katikati ya mzunguko.

"Mbona unanifundisha?" aliuliza Sentimita.

Nje mtu alipita akipuliza mluzi. "Kwa sababu kazi hiyo unaipenda," alisema mkewe. "Na mteja wako anasafiri kesho."

Sasa akaelewa. Hakuna mtu anayemfundisha mwenzake kukata kama ana nia ya kwenda kumkatia. Akainama juu ya kikombe, akaanza upya, na safari hii akailaza kalamu kwa makusudi. Mkewe akamrekebisha. Akachora tena, akailaza tena, akasema sponji imeteleza. Mkewe akamrekebisha. Mara ya tatu akasema macho yamefanya ukungu, na hilo lilikuwa kweli. Angeweza kukosea hivyo mpaka jioni, mpaka mwaka kesho, ilimradi kile kiganja kiendelee kurudi juu ya chake.

"Baba watoto," alisema mkewe kwa upole mno. "Umeshajua. Acha kukosea."

Akavuta pumzi. Akaisimamisha kalamu. Akazungusha sponji chini ya mkono wake, taratibu, kidole kikigusa pale kinapotakiwa kugusa, hadi mwanzo na mwisho vikakutana. Mkewe akainua kikombe. Mstari ulikuwa sawasawa pande zote, wa kwanza katika maisha yake.

Mkewe aliutazama kwa muda.

"Ndio huo," alisema. Akainuka, akampangusa vumbi begani, akarudi chumba cha ndani alikokuwa ameacha kitambaa chake, na baada ya kidogo mkasi wake ukaanza kusikika tena.